Kuchagua na Kufunga Themostati ya Datsun 240Z: Mwongozo Kamili kwa Mwenye Gari Linalochemsha

Malalamiko ninayoyapata kutoka kwa wenye Datsun 240Z yanafanana mno. Gari lilikuwa linachemsha. Fundi akaitoa themostati akasema nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha watu wa barafu. Gari likatulia wiki mbili au tatu, kisha likaanza tena kuchemsha, safari hii vibaya zaidi, hasa likipanda mlima au likikwama kwenye foleni. Wengine wamenunua themostati mpya hata mara tatu, kila moja ikiwa ya nyuzi za chini kuliko iliyotangulia, na hakuna iliyowafaa.

Mwongozo huu unahusu injini ya L24, yenye silinda 6 na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, bloki ya chuma na silinda hedi ya alumini. Nyuzi zote zilizotajwa ni za Selsiasi.

Kabla ya kushika spana, shika jambo moja: themostati haipoozi injini. Kazi yake ni kuyazuia maji yasipite kwenye rejeta mpaka injini ipate joto lake la kazi, na ikishafunguka yote haina la ziada inaloweza kufanya. Kuanzia hapo joto linaamuliwa na rejeta, feni, pampu ya maji na presha iliyomo ndani ya mfumo. Nyuzi zilizopigwa chapa juu yake ni kiwango cha chini cha joto la injini, wala si cha juu. Asiyelielewa hili atanunua themostati mpaka fedha imwishie.

## Vitu vya kuandaa

- Themostati mpya ya nyuzi utakazozichagua katika Hatua ya 3, pamoja na gasketi yake ya karatasi.
- Kifuniko kipya cha rejeta cha presha ya kilogramu 0.9 kwa sentimita ya mraba, yaani takriban paundi 13 kwa inchi ya mraba.
- Kulanti ya ethilini glaikoli inayofaa kwa alumini, na maji yaliyotoneshwa yanayouzwa kwa ajili ya betri, kiasi cha kupata mchanganyiko wa lita 10.
- Spana na soketi za milimita 10, 12 na 14, bisibisi, koleo, na mafuta ya kulegeza kutu.
- Bolti mbili mpya za kava la themostati, kwa sababu za zamani huenda zisitoke nzima.
- Kipimajoto cha kuchovya kinachofika nyuzi 100 au zaidi, sufuria kuukuu, na uzi.
- Beseni la kukingia maji machafu, na dumu lenye mfuniko wa kubana la kuyahifadhia.

Kipimajoto cha bastola, kile unachokielekeza kwenye kitu kikakusomea joto lake bila kukigusa, si lazima, lakini mwenye nacho atafanya kazi hii kwa nusu ya wasiwasi.

Onyo. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Maji yaliyo ndani yanaweza kuwa yamepita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa na presha. Ukiiondoa presha hiyo ghafla, yatageuka mvuke usoni pako. Subiri mpaka mpira wa juu wa rejeta uweze kushikwa bila kuungua na uwe laini ukiuminya.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kosa ni la themostati

Washa injini ikiwa imepoa kabisa, kisha weka kiganja juu ya mpira mkubwa unaotoka kwenye kava la themostati kwenda juu ya rejeta. Dakika za mwanzo unapaswa kuwa baridi huku mshale wa geji ukipanda, halafu, mshale ukikaribia sehemu yake ya kawaida, mpira upate moto ndani ya muda mfupi.

Ukipata uvuguvugu tangu mwanzo na mshale ukajivuta polepole, themostati imekwama ikiwa wazi, au haimo kabisa. Ukibaki baridi na mshale ukapanda mpaka kwenye hatari, zima injini mara moja: themostati imekwama ikiwa imefunga, au maji yamepungua. Lakini mpira ukipata moto kama inavyotakiwa na gari bado linachemsha, themostati yako ni nzima, na unalolitafuta liko kwingine. Fanya Hatua ya 2, kisha ruka mpaka sehemu ya mwisho.

## Hatua ya 2: Badilisha kifuniko cha rejeta kwanza

Hatua hii watu wengi huiona ndogo, nami naiona kubwa kuliko zote. Mombasa, usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi, kimo cha mita zinazokaribia 1,800, huchemka kwa takriban nyuzi 94. Themostati ya kawaida ya gari hili huanza kufunguka kwa nyuzi 82 na kukamilika kwa nyuzi 95. Yaani gari lenye kifuniko kilichochoka, likiendeshwa Nairobi, maji yake yanaweza kuanza kuchemka kabla themostati haijafunguka yote, hata kama kila kifaa kingine ni kipya. Mwenye gari anaona mvuke, analaumu themostati, anaitupa.

Kifuniko kizima cha kilogramu 0.9 hupandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 115 kwa Nairobi na karibu nyuzi 118 kwa Mombasa, hata bila kulanti.

Kagua raba ya chini ya kifuniko: ikiwa ngumu kama plastiki, imepasuka, au imebaki na alama ya kina ya mdomo wa rejeta, kitupe. Kagua pia mdomo wenyewe, kwani ukiwa umepinda hata kifuniko kipya kitavujisha presha. Usishawishike kununua kifuniko cha presha kubwa zaidi ukidhani kwamba kinga itaongezeka, kwa kuwa rejeta ya miaka ya 1970 iliyoungwa kwa risasi haikutengenezwa kuihimili.

Utajua umefaulu ukiuminya mpira wa juu baada ya mwendo wa dakika kumi na kuukuta mgumu.

## Hatua ya 3: Chagua nyuzi zinazokufaa

Vitabu vya ufundi vya Datsun vilitaja themostati tatu. Ya nyuzi 76.5 ni ya nchi za joto, na hufunguka yote kwa nyuzi 90. Ya nyuzi 82 ni ya hali ya kawaida, na hukamilika kwa nyuzi 95. Ya nyuzi 88 ni ya nchi za baridi kali, na hukamilika kwa nyuzi 100.

Kwa anayeishi Nairobi, Arusha au mahali popote pa nyanda za juu ambapo asubuhi huwa na baridi, nashauri ya nyuzi 82. Safari fupi za mjini zikifanywa na themostati ya nyuzi 76.5 huiacha injini katika ubaridi ambao haumalizi unyevu uliomo kwenye oili, na baada ya miezi michache utaona utelezi wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili. Kwa anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Tanga, ya nyuzi 76.5 ni halali kabisa, ndiyo maana kiwanda kiliitoa. Ujue tu inachokupa: dakika chache za akiba kabla foleni haijaanza kukutesa. Rejeta iliyoziba itachemsha na hii kama itakavyochemsha na ile, ila kwa kuchelewa kidogo.

Ya nyuzi 88 waachie jamaa zetu wanaoendesha magari yao wakati wa baridi kali huko Ulaya na Kanada, ambao wanaitaka hita ifanye kazi.

Na kutokuweka kabisa? Utasikia kwamba bila themostati maji hupita rejeta kwa kasi mno hata yasipate nafasi ya kupoa. Maelezo hayo si sahihi, kwani maji yanayokwenda kasi hubeba joto jingi zaidi kwa dakika, wala si pungufu. Madhara ni mengine. Themostati, hata ikiwa wazi, huyabana maji kidogo yanapotoka kwenye hedi, na huko kubana huongeza presha ndani ya hedi na kuzuia mapovu ya mvuke yasijitunge kuzunguka vyumba vya mwako. Ukiiondoa, sehemu hizo za alumini huweza kupata moto mkali hata geji ikionyesha kwamba kila kitu ni shwari. Upande wa pili, barabara kuu ikiwa wazi injini hupoa kupita kiasi, petroli hushindwa kugeuka mvuke vizuri, matone yake huosha oili kwenye kuta za silinda, na pistoni hulika mapema. Ndiyo maana wenye kushindana waliotaka kuiondoa themostati kwenye baadhi ya injini za Uingereza waliweka mahali pake pete maalumu ya kubana maji.

Tena, hoja ya kwamba gari hili halikuumbwa kwa joto letu haisimami. Datsun 240Z ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta.

### Kama gari lako si Datsun

Mwenye MGB atakuta themostati za nyuzi 74, 82 na 88, na mantiki ya kuchagua ni hiyo hiyo. Mwenye Jaguar yenye injini ya XK, kama vile XK150 au E-Type ya lita 3.8, awe mwangalifu zaidi: themostati yake ya asili ina mkono wa bati, kama kipande cha bomba, unaoteremka au kupanda pamoja na vali na kuziba njia ya pembeni injini inapopata moto. Ukiweka isiyo na mkono huo, au ukiiondoa kabisa, njia ya pembeni hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye pampu bila kuiona rejeta. Hapo nyuzi ulizozichagua hazina maana yoyote. Umbo ndilo linaloamua.

## Hatua ya 4: Ijaribu sufuriani kabla ya kuifunga

Themostati mpya huuzwa zikiwa mbovu mara nyingi kuliko tunavyopenda kuamini, na jaribio hili halichukui robo saa.

Bana uzi katikati ya vali na ukingo wake, kisha ining'inize ndani ya sufuria ya maji baridi bila kugusa kitako wala kuta. Chovya kipimajoto kando yake. Pasha moto polepole huku ukikoroga. Vali ikianza kufunguka, uzi utaachia na themostati itaanguka: soma nyuzi papo hapo. Tofauti ya nyuzi mbili hivi na kilichoandikwa inavumilika. Endelea kupasha mpaka ifunguke yote, kisha pima mwinuko wa vali, ambao unapaswa kufika milimita 8.

Walioko nyanda za juu wakumbuke kwamba maji ya sufuriani hayatafika nyuzi 95, kwa hiyo ile ya nyuzi 82 itaonekana kama imebakiza kidogo. Usiirudishe dukani kwa sababu hiyo.

Iache ipoe. Lazima ijifunge yenyewe, bila mwanya unaopitisha mwanga isipokuwa kitundu cha kutolea hewa.

## Hatua ya 5: Mwaga maji ya zamani na usafishe

Fungua koki iliyo chini ya rejeta, kisha bolti ya kumwagia iliyo ubavuni mwa bloki. Wengi hufungua koki peke yake, na tope la kutu linabaki ndani ya bloki likisubiri kuziba rejeta mpya. Maji yakitoka mekundu, vua mipira yote miwili mikubwa na uisukumie rejeta maji ya bomba kutoka chini kwenda juu mpaka yatoke meupe.

Ukikuta uji wa njano, basi mwenye gari aliyekutangulia alitia bizari ili kuziba tundu. Mbinu hiyo imewafikisha watu nyumbani usiku, siikejeli, lakini bizari iliyoziba tundu huziba na mirija pia. Rejeta ya namna hiyo ipelekwe kwa fundi wa rejeta aifungue matangi na kupitisha waya kila mrija.

Maji yenye kulanti yana utamu na yana sumu. Usiyaache kwenye beseni mahali penye watoto, paka au mbwa.

## Hatua ya 6: Fungua kava la themostati bila kukata bolti

Bolti za chuma zilizokaa ndani ya alumini kwa miaka mingi hushikana nayo kwa kutu. Niliwahi kukata moja kwa haraka ya dakika mbili, nikaitumikia siku moja na nusu kwa kuitoboa na kuchonga upya mizunguko ya skrubu ndani ya tundu lake.

Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, na tena asubuhi. Unapoanza, kaza kidogo sana kabla ya kulegeza, ili kutu ivunjike. Ikisogea robo mzunguko kisha ikagoma, irudishe, nyunyizia, jaribu tena. Ikigoma kabisa, pasha moto alumini inayoizunguka, si bolti yenyewe, ukiwa umeweka mbali mipira ya petroli na kabureta.

Kava likitoka, tazama themostati ya zamani ilivyokaa kabla ya kuitoa, na ipige picha. Kisha kwangua mabaki ya gasketi kwa kitu butu, kwa kuwa alumini ikichunika itavuja.

## Hatua ya 7: Funga themostati mpya

Upande wenye springi na kidonge cha nta, ambayo ikipata moto hutanuka na kuifungua vali, huelekea injini. Ukiigeuza, nta itakaa upande wa maji ya rejeta yaliyopoa na vali itafunguka kwa kuchelewa mno. Nimekutana na kosa hili kwenye magari yaliyotoka tu gereji.

Kitundu chenye kijiti kinachochezacheza kiwe upande ulio juu zaidi, kwani ndicho kinachopitisha hewa wakati wa kujaza maji. Themostati isiyo na kitundu itobolewe tundu la milimita 3 ukingoni.

Ukingo wa themostati ukae ndani ya mtaro wake na usiinuke. Weka gasketi mpya, ukiipaka silikoni nyembamba ukipenda, lakini isiwe nyingi ya kufinyika kuingia ndani, maana vipande vyake vikikatika huenda kuziba mirija ya rejeta. Kaza bolti mbili kwa zamu, kidogo kidogo, mpaka mkono uhisi zimeshika. Hizi si bolti za magurudumu: nguvu ya newton-mita (Nm) 10 hadi 15 inatosha, na ukizidisha utavunja sikio la kava.

## Hatua ya 8: Jaza maji na utoe hewa yote

Changanya kulanti na maji yaliyotoneshwa pembeni, kulanti ikiwa theluthi moja hadi nusu. Kwa nchi zisizoganda theluthi inatosha, kwa kuwa unachokitaka ni kinga ya kutu kati ya chuma na alumini, na maji hubeba joto vizuri kuliko glaikoli. Maji ya kisima au ya bomba yenye chumvi huacha ukoko ndani ya mirija.

Inua pua ya gari kwa kulipandisha kwenye mwinuko, ili mdomo wa rejeta uwe sehemu ya juu kuliko zote. Fungua hita mpaka mwisho. Jaza polepole, ukiuminyaminya mpira wa juu, mpaka mapovu yakome. Washa injini bila kifuniko, na uendelee kuongeza kadiri maji yanavyoshuka. Themostati itakapofunguka, maji yatashuka kwa ghafla na mpira wa juu utapata moto. Ongeza tena, kisha funga kifuniko.

Kama gari lako halina chupa ya kupokea maji yanayofurika, acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo. Ukijaza mpaka juu litatema kiasi hicho barabarani, nawe utadhani linachemsha.

## Hatua ya 9: Lijaribu barabarani

Anza na barabara tambarare kwa dakika ishirini. Mshale upande, ushuke kidogo themostati inapofunguka mara ya kwanza, kisha utulie mahali pamoja. Weka alama ndogo ya kalamu kwenye kioo cha geji. Nyuzi kamili hazina umuhimu kama kujua mahali pako pa kawaida. Halafu tafuta mlima mrefu: mshale kupanda kidogo na kurudi baada ya kilele ni jambo la kawaida.

Jihadhari na mshale unaoshuka ghafla wakati injini ina dalili za joto. Maji yakipungua mpaka chini ya kihisio, kihisio hubaki hewani na geji hudanganya.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, kagua kiwango cha maji. Kikiwa pale pale, umemaliza.

## Likiendelea kuchemsha

Angalia linachemsha wapi, kwa kuwa mahali ndipo panapomtaja mkosa.

Likichemsha kwenye foleni tu na kupoa likikimbia, kosa ni la feni. Zima injini ikiwa moto, kisha zungusha feni kwa mkono: feni yenye klachi ya mafuta iliyo nzima hukataa kidogo, na iliyokufa huzunguka huru. Kagua pia mkanda, ambao ukibonyezwa kwa dole gumba unapaswa kuingia takriban sentimita moja.

Likichemsha mlimani au kwenye mwendo kasi tu, rejeta haipitishi maji ya kutosha. Pitisha kipimajoto cha bastola juu ya uso wake. Sehemu zilizo baridi katikati ya zilizo moto ni mirija iliyoziba. Mwambie mtu akanyage mafuta huku ukitazama mpira wa chini: ukinywea na kuwa bapa, ni mlegevu au rejeta imeziba. Kagua na taimingi, kwani cheche inayochelewa huongeza moto kwenye hedi, na kabureta zinazotoa petroli chache hufanya vivyo hivyo.

Likipandisha presha dakika chache tu baada ya kuwashwa, na mapovu yakawa hayaishi kwenye mdomo wa rejeta, gasketi ya hedi imeungua, na hakuna themostati itakayokusaidia. Liegeshe, liache lipoe lenyewe, na kamwe usimwage maji baridi ndani ya injini yenye moto. Hedi ya alumini iliyopinda ni gharama kubwa kuliko vitu vyote vilivyotajwa hapa vikijumlishwa.